Safari ya Familia na Kamera: Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa

Safari ya familia kwa gari lake yenyewe, wazazi mbele na watoto nyuma, si jambo la zamani sana nchini Tanzania. Hadi katikati ya miaka ya 1980 gari binafsi lilikuwa mali ya wachache. Wengine wote walisafiri kwa basi, kwa treni ya Reli ya Kati, au juu ya lori lililopakia magunia. Masharti ya biashara yalipolegezwa, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaanza kushushwa kwa wingi bandarini Dar es Salaam, mwalimu, muuguzi na mwenye duka la rejareja nao wakaanza kumiliki gari. Ndipo likizo ya Desemba ikapata sura yake ya leo: buti limejaa mabegi, dumu la maji limebanwa katikati ya viti, watoto wamefungwa mikanda nyuma, na simu iko mkononi mwa mtu mmoja anayepiga picha kila kinachopita.

Picha ilifika pwani hii muda mrefu kabla ya gari. Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kupiga picha mwaka 1839, na kabla karne ya 19 haijaisha mji wa Zanzibar ulikuwa na studio za wapiga picha wenye asili ya Goa, akina Gomes na Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko huko Unguja, na mwaka 1942 N. V. Parekh akafungua studio yake Mombasa. Kwenda studio kulikuwa shughuli ya kujiandaa. Nguo za Idi au za Krismasi zilipigwa pasi, nywele zikasukwa, familia ikasimama mbele ya pazia, na mpiga picha akawapanga kwa umri na kwa heshima: baba ameketi, mama kando yake, watoto wamesimama wima, hakuna anayetabasamu. Picha moja kwa mwaka ilitosha. Kwa familia nyingi ilikuwa moja kwa miaka mingi, na wengine walizikwa bila kuacha hata moja.

Inavutia kwamba safari iliingia ndani ya picha kabla picha haijaingia safarini. Miaka ya 1990, wapiga picha waliokuwa na vibanda vyao karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, waliweka mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Kijana aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ile ya rangi, akapigwa picha, na picha ikapelekwa nyumbani kwa wazazi. Hakuwa amepanda ndege, na nyumbani huenda walijua. Hata hivyo picha iliwaeleza jambo la kweli: kwamba ametoka, ametembea, na anawakumbuka.

Kamera ya mkononi nayo ilikuwepo. Kampuni ya Kodak ilianza kuuza kamera ya Brownie mwaka 1900 kwa dola moja ya Marekani, ili mtu wa kawaida apige picha bila kumwita fundi. Lakini hapa kwetu gharama haikuwa kamera peke yake. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kila mkanda ulipokwisha ulipelekwa kusafishwa, ukasubiriwa, ukalipiwa. Picha hizo 36 zilitakiwa zitoshe harusi nzima, kuanzia kupamba mpaka kuaga. Hakuna mzazi aliyekuwa tayari kutoa picha moja katika hizo kwa ajili ya mtoto aliyelala na mdomo wazi kwenye kiti cha gari.

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak aliunda kamera ya kwanza ya dijitali. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Teknolojia hiyo ndiyo iliyopunguzwa, ikaboreshwa, na hatimaye ikatiwa ndani ya simu. Gharama ya kupiga picha moja zaidi imeshuka karibu na sufuri, na mtoto aliyelala mdomo wazi sasa anaweza kupigwa picha bila mtu kuhesabu shilingi.

Lakini mazoea ya studio hayajaondoka. Familia nyingi husafiri kilomita mia tano, kisha hushuka garini na kujipanga mstari mmoja mbele ya mlima kama walivyojipanga babu zao mbele ya pazia. Wote hutazama kamera, wote husema neno moja, picha hupigwa, wote hurudi garini. Picha za namna hiyo zina nafasi yake, kwa sababu zinaonyesha nani alikuwepo. Hazionyeshi walivyoishi. Mzazi anayetaka watoto wake waje kuijua familia yao wakiwa watu wazima anahitaji picha za aina nyingine, na barabara ndiyo mahali pazuri pa kuzipata, kwa kuwa garini familia hukaa pamoja saa nyingi mfululizo kuliko inavyokaa nyumbani siku za kazi na shule.

Barabara ya Dar es Salaam hadi Iringa inaonyesha hayo vizuri. Ni karibu kilomita 500, na ni sehemu ya barabara kuu iendayo Zambia, hivyo malori ya Lusaka na ya Lubumbashi yapo njia nzima. Wenye uzoefu huondoka alfajiri ili kuipita foleni ya Kimara na Kibaha kabla haijakaza. Picha ya kwanza inafaa kupigwa hapo hapo uani, kabla gari halijawashwa: baba anapanga mizigo, mama anahesabu vyakula, mtoto amebeba mto wake wa kulalia, jirani amekuja na kanga mabegani kuwaaga. Katika picha hiyo moja kuna namba ya gari, ukuta wa nyumba, mti wa ua na mavazi ya asubuhi. Miaka 20 baadaye karibu vyote hivyo vitakuwa vimebadilika.

Chalinze barabara inagawanyika. Kulia ni Segera, Tanga na Kilimanjaro. Moja kwa moja ni Morogoro. Hapa magari husimama, wauzaji huja dirishani, machungwa humenywa na mikono hunata. Mikono ile ni picha. Baada ya Chalinze, kadiri Morogoro inavyokaribia, milima ya Uluguru inajitokeza upande wa kushoto. Jua la asubuhi linakuwa nyuma ya gari, limepiga miteremko kutoka mashariki, na mabonde yake yanaonekana kwa vivuli virefu. Saa tano milima hiyo hiyo inakuwa bapa, imefunikwa ukungu wa joto, na mpiga picha hupata rangi moja ya kijivu. Mlima ni ule ule. Tofauti yote imeletwa na saa.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230. Barabara kuu inapita ndani yake kwa karibu kilomita 50, na kwa familia nyingi za Kitanzania hapa ndipo mtoto anapomwona tembo, twiga au pundamilia kwa mara ya kwanza, kupitia kioo cha gari, bila kulipa kiingilio. Vibao vya njiani vinaweka ukomo wa mwendo: kilomita 70 kwa saa mchana na 50 usiku, na anayegonga mnyama hutozwa faini kulingana na aina ya mnyama. Askari wenye tochi za kupimia mwendo wapo. Kushuka garini katikati ya hifadhi ni hatari na hakuruhusiwi, hata kama swala wamesimama mita kumi kutoka kwenye lami. Anayetaka kukaa na wanyama aingie getini, alipe, afuate taratibu za hifadhi.

Picha za wanyama zilizopigwa kutoka kwenye gari linalotembea mara nyingi huharibika, na sababu yake ni ya hesabu. Gari la kilomita 70 kwa saa husogea karibu mita 19 kila sekunde. Kamera ikipokea mwanga kwa muda wa sehemu moja ya 60 ya sekunde, gari linakuwa limesogea zaidi ya sentimita 30 kabla picha haijakamilika, na pundamilia aliye kando ya barabara hugeuka mchirizi. Muda huo ukifupishwa hadi sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, gari linasogea sentimita 2 tu, na mistari yake inaonekana. Simu hufanya chaguo hilo yenyewe: mwanga ukiwa mwingi hufupisha muda, mwanga ukipungua huurefusha. Ndiyo maana picha za saa nne asubuhi hutoka na za magharibi hazitoki. Umbali nao unasaidia. Kilima kilicho mbali hakionekani kusogea, lakini mti wa kando ya lami unaruka. Kwa hiyo abiria mwenye simu aelekeze lenzi kwa vitu vya mbali, au mbele kidogo ya gari, wala si moja kwa moja ubavuni.

Kioo nacho ni kikwazo. Kikiwa na vumbi, simu inaweza kushika vumbi na kuacha mnyama. Kikiwa safi, hurudisha sura ya mpiga picha na nguo yake. Dawa ni kukifuta kabla ya kuingia hifadhini, kusogeza lenzi hadi ikaribie kugusa kioo, na kwa aliyevaa shati jeupe, kujifunika kwa kitenge cha rangi nzito. Na hata hivyo, picha bora ya Mikumi mara nyingi haiko nje. Ni uso wa mtoto aliyemwona tembo, macho yake, kiganja kilichobandikwa kwenye kioo. Tembo wanapigwa picha na wataalamu wenye lenzi ndefu kila siku. Uso ule haupigwi na mtu mwingine yeyote duniani.

Ukipita mji wa Mikumi barabara inashuka kwenye bonde la Mto Ruaha Mkuu, na mibuyu inaanza: mamia kwa mamia, vigogo vinene, mingine mipana kuliko gari lililosimama mbele yake. Wakati wa kiangazi haina majani kabisa. Mvua za mwisho wa mwaka zikishaanza huvaa kijani. Ruaha Mbuyuni ni kituo cha vitunguu, vimefungwa kwenye nyavu na kupangwa kando ya barabara. Ni mahali pa kununua, kunyoosha miguu na, kwa waliochelewa kusema, kuchimba dawa. Jua la saa sita katika bonde hili ni kali, na kigogo cha mbuyu ndicho kivuli kizuri kwa mama anayempa mtoto uji. Wengi huuacha wakati huo upite kwa kuwa hakuna mandhari nyuma yake. Lakini mkao wa mama akimlisha mtoto, na jinsi kaka mkubwa anavyoshika kikombe akisubiri zamu, una mengi kuliko mandhari.

Kisha Kitonga. Barabara inapanda mlima kwa kona kali, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde refu upande mwingine, malori yakijikongoja kwa gia nzito. Hapa hakuna pa kusimama salama, na kusimamisha gari kwenye kona ili kupiga picha ya bonde kunaweka roho za watu wengi hatarini. Abiria wapige wakiwa wamekaa. Dereva asiguse simu, wala hapa wala kwingine, na hilo halina mjadala. Baada ya kupanda, hewa inabadilika. Ilula kuna nyanya kwa matenga, na mji wa Iringa, ulio juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, unawapokea wageni wa pwani kwa baridi inayowafanya wafungue mabegi kutafuta masweta.

Iringa yenyewe inastahili siku zaidi ya moja. Isimila, mwendo mfupi nje ya mji kwenye barabara ya Mbeya, kuna korongo lenye nguzo ndefu za udongo mgumu zilizochongwa na maji, na kuna zana za mawe za kale ambazo mtafiti Clark Howell alizichimbua mwaka 1957 na 1958. Picha ya shoka la mawe peke yake haimwambii mtazamaji ukubwa wake. Mkono wa mtoto ukiwa kando yake, bila kuligusa, huutaja ukubwa mara moja. Kalenga kuna makumbusho yenye fuvu la Chifu Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani mpaka kifo chake mwaka 1898. Fuvu lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mahali hapa panahitaji adabu. Mgeni amuulize mwongozaji kabla ya kunyanyua simu, na mzazi amweleze mtoto kwanza kwamba mbele yao ni mabaki ya mtu, babu wa watu wanaoishi hadi leo. Kupiga selfi ya kucheka hapo ni kukosa heshima, na mtoto hujifunza hilo kwa kumtazama mzazi.

Jioni, familia nyingi za mjini Iringa hupanda jiwe la Gangilonga kutazama mji ukiwa chini. Ni wakati mzuri wa kueleza habari za mwanga, kwa sababu mwanga ndio unaoamua zaidi kuliko bei ya kamera. Katika nchi zilizo karibu na ikweta jua huzama karibu wima, halikai upeoni. Mwanga wa dhahabu ambao wapiga picha wa Ulaya huufurahia kwa muda mrefu wakati wa kiangazi chao, hapa hupita haraka. Kuanzia saa kumi na moja hivi hadi saa kumi na mbili na nusu ndio muda wote uliopo, na sehemu yake bora ni ya mwisho. Familia inayofika Gangilonga jua likiwa limeshazama imechelewa. Mchana, jua likiwa karibu utosini, paji la uso hutia kivuli machoni na kofia huufunika uso wote. Saa hizo watu wasogezwe chini ya mwembe au kwenye baraza, waelekee upande wenye uwazi, ili mwanga uwafikie kutoka mbele bila kuwachoma.

Kuna jambo la ngozi, na linapaswa kuelezwa wazi kwa kuwa limeharibu albamu nyingi za Waafrika. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu cha kati. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe au ukuta wa chokaa, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake unapotea gizani. Tatizo hilo lilizidishwa na mikanda ya rangi yenyewe. Kwa miongo kadhaa Kodak ilipeleka kwenye maabara za picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliiita Shirley, na rangi za picha zilirekebishwa mpaka ngozi yake ionekane vizuri. Ngozi nyeusi haikufikiriwa. Kwa hiyo picha za rangi za miaka ya 1970 na 1980 ambamo shangazi na wajomba wanaonekana kama vivuli, bila mikunjo ya nyuso zao, hazikuharibiwa na uzembe wa mpiga picha wa mtaani. Alipewa vifaa vilivyotengenezwa bila kumfikiria yeye wala wateja wake.

Simu za leo zina nafuu, lakini bado zinahitaji msaada. Kidole kikigusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, simu hupima mwanga kwa uso huo, na anga ikiungua iache iungue. Ukuta wa udongo, mlango wa mbao au majani mabichi ni mandhari rafiki kwa ngozi nyeusi kuliko ukuta mweupe. Na programu zinazolainisha na kuangaza ngozi zizimwe. Mtoto anayeona picha zake zote zikiwa zimeng'arishwa anafundishwa, bila neno kutamkwa, kwamba rangi yake ilihitaji kurekebishwa.

Njiani kuna watu wengine pia, nao si mapambo ya safari ya mtu. Mama wa nyanya pale Ilula, mfugaji anayevusha ng'ombe, watoto waliotoka shule wakipunga mikono: hawa ni wenyeji, na familia iliyo garini ni wageni wao. Salamu hutangulia, ununuzi ukifuata, na ombi la picha baadaye. Akikataa, amekataa. Watoto wa watu wengine wasipigwe picha pasipo mzazi au mlezi kukubali. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake. Mzazi anayetaka kuweka picha mitandaoni afikirie pia watoto wake mwenyewe. Sare hutaja shule, kibao hutaja mtaa, na faili la picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Mtoto wa miaka minne hawezi kukubali wala kukataa picha yake ya kuogeshwa kwenye beseni ionwe na watu asiowajua. Mzazi akatae kwa niaba yake.

Safari nyingi za Desemba huishia nyumbani kwa bibi na babu, na hapo ndipo hazina kubwa ilipo. Milima ya Uluguru itakuwepo miaka 100 ijayo ikiwa karibu na ilivyo. Jiko la bibi halitakuwepo. Mafiga matatu na chungu kilichoungua upande mmoja, kiti cha babu chenye kamba zilizolegea, viatu vya wajukuu vilivyozagaa mlangoni, redio iliyofungwa kwa mpira, binti anayesukwa nywele huku akilalamika, wanaume wanne wakibishana juu ya betri ya gari: kila kimoja kinastahili picha yake. Hata barabara haikai. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Morogoro na Dodoma, na familia nyingine zimeanza kuliacha gari nyumbani. Wauzaji wa dirishani, mabasi ya rangi rangi, vibao vya bei, yote hayo ni mambo ambayo mjukuu atayauliza.

Katika picha zote hizo kuna mtu mmoja asiyeonekana. Ni yule aliyeshika simu. Katika familia moja ni baba, katika nyingine ni mama, na mara nyingi huwa ni yule yule kila mwaka. Albamu ya miaka kumi hufunguliwa, na mtoto anamwona mzazi mmoja akizeeka kidogo kidogo huku mwingine hayupo, kama aliyebaki nyumbani. Mzazi huyo alikuwepo kila siku. Ndiye aliyesema gari lisimame, ndiye aliyesubiri mwanga, ndiye aliyewapenda kiasi cha kutaka kuwahifadhi. Lakini picha haionyeshi aliye nyuma yake. Kifo au maradhi yakija ghafla, familia huanza kutafuta picha nzuri ya mtu huyo, na huikosa. Inasikitisha kuona msibani picha ya paspoti saizi ikikuzwa mpaka ipasuke rangi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyopatikana.

Njia ya kuliepuka hilo ni kumpa mtoto simu. Mtoto wa miaka sita anaweza kupiga picha, na anachokiona hutofautiana na anachokiona mtu mzima: magoti, paka, mkono wa bibi, uso wa mama ukitazamwa kutoka chini. Picha zake zitakuwa zimepinda na nyingine zitakuwa na kidole. Zisifutwe haraka, kwa maana ndani yake ndimo mzazi atakapoonekana jinsi mwanawe alivyomwona.

Kuzihifadhi ni kazi ya mwisho na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Simu huibiwa, hudondoka majini, hujaa, hubadilishwa. Picha zilizomo zisiponakiliwa mahali pengine, safari nzima hupotea kwa dakika moja. Nakala moja ikae kwenye kompyuta au diski ya nje, nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni, na chache zilizochaguliwa zichapishwe kwenye karatasi. Karatasi ina adui zake: unyevu wa pwani huleta ukungu, jua la dirishani hufifisha rangi, na albamu za kurasa zenye gundi hung'ang'ania picha mpaka zichanike. Sanduku kavu, mbali na sakafu na ukuta, linatosha. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina kamili, mahali na mwaka, kwa mkono mwepesi na kalamu isiyovujisha wino. Wengi hudhani hawatasahau. Kabati za familia zimejaa picha za miaka ya 1960 ambazo hakuna aliye hai anayeweza kutaja waliomo.

Basi anayejiandaa kusafiri Desemba hii, pamoja na kukagua tairi, breki na taa, apange pia nani atampiga picha mpiga picha. Akirudi, asingoje mpaka shule zifunguliwe Januari. Achague picha ishirini au thelathini, azichapishe, akae na watoto mezani waandike majina ya wote nyuma yake, na seti ya pili ampelekee bibi.